Swali Nililoshindwa Kumuuliza Mama

Nakivale, Jumatatu asubuhi

Kaka Etiene,

"Ile dawa ya maumivu ndiyo inamufunga mama tumbo. Muiache. Mungu aliyemuleta mpaka umri huu atamushika bila chupa."

Hayo ni maneno yako. Nimeyaandika kama ulivyoyasema kwenye sauti uliyotuma Ijumaa, sikuongeza wala kupunguza. Nitayajibu, na nitayajibu kwa kalamu, maana kwa simu ningekutukana. Dada yetu Riziki, aliye huko kwenu, atakuonyesha picha za karatasi hizi. Lakini wewe ni mkubwa wangu, na nisipokusalimu utasema Uganda imeniharibu. Basi, mko salama huko nyumbani Baraka? Mvua imewaachia mihogo? Na goti lako, lile linalokusumbua ukihubiri muda mrefu, limepoa? Mimi mwili ni mzima. Mama bado anatujua kwa majina. Zaidi ya hapo sina habari njema.

Umesema dawa inafunga tumbo. Ni kweli, wala hakuna muuguzi aliyetuficha. Morfini inalaza maumivu, na utumbo nao inaulaza. Usingizi na kichefuchefu vinavyokuja nayo, mwili huvizoea baada ya siku chache. Utumbo hauzoei kamwe. Ndiyo maana siku ya kwanza kule hospitali ya Mbarara tulipewa chupa pamoja na vidonge vidogo vya njano vya kuuamsha utumbo, tukaambiwa viende pamoja kila siku, tusingoje mpaka mgonjwa akwame. Kwa hiyo hoja yako inaanza vizuri na kuishia shimoni. Mtu ambaye kansa ya kizazi imeshamfika mgongoni, ukimnyang'anya dawa ya maumivu ili apate choo, utakuwa umemponya nini?

Aliyemfunga mama tumbo, Kaka, ni mimi.

Tuliporudi Mbarara mara ya pili, muuguzi, mwanamke wa Kinyankole mwenye umri kama wangu, aliniuliza kwa Kiingereza: mama anapata choo? Mara ya mwisho lini? Kigumu au laini? Mkalimani ni mimi, kwa kuwa tangu mke wangu Feza afariki hakuna mwanamke nyumbani wa kumsindikiza mama. Mama alikuwa amekaa ubavuni kwangu, kitenge amekivuta mpaka kidevuni. Unanijua. Katika kambi hii ya wakimbizi hakuna mkutano ambao sijaambiwa nikae chini. Nimewabishia maofisa, wachungaji na kila mwenye kipaza sauti. Nimesoma vitabu vya lugha tatu mpaka macho yameisha. Siku ile nilimgeukia mama nikasema, "Mama, banauliza kama unakula muzuri."

"Nakula kidogo," akajibu.

Nikamgeukia muuguzi: choo ni kizuri, kila siku.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

Akaandika. Vidonge vya njano vilipoisha sikutafuta vingine. Kwa nini nitafute, na karatasi inasema mama ni mzima?

Juma lililofuata akaacha kula. Kisha Mama Salome, jirani anayekuja kumwogesha, akaniita pembeni. "Mwalimu, mama anaharisha. Ni maji tu, kidogo kidogo, anajichafua bila kujua." Nilifurahi, Kaka. Nilisema, angalau tumbo linafanya kazi. Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya kuzuia kuhara, nikampa kwa mkono wangu huu siku tatu. Msomi mzima! Yale maji yalikuwa yanapenya kando ya choo kilichokauka na kukwama ndani, nami nikazidi kukikaza.

Tumbo lilipokuwa gumu kama ubao, naye akawa analia kwa maumivu yasiyo ya kansa, nilikodi gari, tukapita Kabingo mpaka Mbarara bila kusimama. Kila shimo la barabarani lilimtoa sauti ambayo sikujua mama anayo. Muuguzi yuleyule akavaa glavu, akampima nyuma ya pazia. Alipotoka aliacha Kiingereza, akahamia Kiswahili chake cha sokoni, makusudi mama asikie.

"Ssebo, bwana, ile siku wewe nauliza mama, ama wewe najibu mwenyewe?"

Akavua glavu akazitupa, akaendelea.

"Kubishana na daktari juu ya karatasi, saa mzima, mdomo iko. Kuuliza mama yako kama anakunya, mdomo naenda wapi?"

Mama akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mumuache. Hata angeniuliza singemujibu. Ni mutoto mwanaume, nilimuzaa miye." Kisha akaongeza: "Lakini ungeuliza, Asukulu. Ungeuliza tu."

Mkongomani mwenzetu mmoja wa kitanda cha jirani akacheka, kichwa chake hakina unywele hata mmoja. "Maman, achana na haya. Hapa mutu akitoka ku choo tunamupigia makofi."

Kazi ile ilichukua karibu siku nzima: dawa ya kupitishia nyuma, mafuta, na mwishowe kidole cha muuguzi. Nilikuwa kwenye korido nikisoma tangazo lilelile la chanjo. Mama alilia, na nadhani aibu ilimliza kuliko maumivu. Baadaye alikunywa uji, akakubali dawa yake, akalala mdomo wazi kama mtoto.

Tulirudi na utaratibu. Vidonge vya njano kila jioni, maji mara kwa mara, papai likipatikana. Asubuhi baada ya chai anakaa kwenye kiti nilichotoboa, ndoo chini, miguu juu ya matofali, na Mama Salome anamngoja nje ya mlango. Muuguzi alinionya kwamba hata asipokula, choo kinatengenezwa, kwa hiyo tusiseme hana kitu tumboni. Kwa siku nne nilikuwa na mama. Alinisema kwa kuacha sufuria chafu.

Kisha sauti yako ikafika. Wazee wa kanisa lenu hapa kambini walimwekea aisikilize kwenye simu wakiwa wamemzunguka. Wewe ni mzaliwa wa kwanza na ni mchungaji, angekubishia nani? Tangu Ijumaa hafungui mdomo kwa kijiko cha morfini. Vidonge vya njano anavimeza, kwa sababu hukuvitaja. Choo anapata, Kaka. Anapata choo huku anauma kitenge kwa maumivu.

Wazee wako waliomba muda mrefu. Walitaja mapepo, walitaja wachawi wa ukoo, walitaja vita na maiti tulizoziruka njiani. Hakuna aliyeomba choo. Sisi watu wa kusali hatuoni haya kusimulia mauaji mbele ya watoto, ila jambo ambalo Mungu mwenyewe ameliweka katika kila mwili tunalifunika mpaka limuue mtu. Na mimi niliyezoea kuwacheka nilikuwa wa kwanza kulifunika.

Sijidanganyi, wala sitakudanganya. Hatapona. Hatarudi Baraka, na hatazikwa karibu na baba. Atazikwa kwenye udongo wa watu. Daktari aliniambia kwa sentensi mbili, na mara hii sikuwa na la kubisha. Labda atakufa kabla mvua haijaisha. Kilichobaki mikononi mwetu ni kwamba afe akiwa analia, au afe akiwa ametulia.

Nisalimie shemeji, mke wako, na watoto wote. Nisalimie Mjomba Lubunga anayelifyekea kaburi la baba, na mama mkwe wangu. Mwambie sijamsahau mwanawe.

Sasa nawadai wawili.

Riziki, dada yangu, wewe uliyezaliwa binti peke yako kwetu: piga simu kila asubuhi baada ya chai. Nitamwachia mama simu, nitatoka nje. Muulize amepata choo lini, kigumu au laini, na usikubali jibu la "niko muzuri". Ukisikia anatapika, tumbo limevimba, wala ushuzi hautoki, niite papo hapo, nisimpe kidonge chochote, tukimbie hospitali.

Na wewe, Kaka Etiene, mpigie leo. Usihubiri wala usijitetee. Mwambie, "Mama, kunywa dawa." Kisha usikate simu mpaka umsikie akimeza.

Mdogo wako,
Asukulu