Pini Mdomoni

Shoga, uko? Usinicheke. Nimetoka kwenye lile darasa la kuchora la watu wazima ulikonisukuma, eti nikajitambue.

Mwalimu kasema kila mtu ajichore. Mimi fundi cherehani, nikajichora nimeinamia gauni la mteja, pini zimejaa mdomoni. Si ndiyo kazi yangu?

Akaniuliza, "Ukifika nyumbani unazitoa?"

Nikacheka. Akarudia taratibu, "Nyumbani unazitoa, dada?"

Shoga, nimelia mbele za watu! Mimi! Kwa swali la pini!

Njia nzima nikawa napanga ya kumwambia shemeji yako leo, yote. Nimemkuta mlangoni, kakunja uso vile unavyomjua. "Huko mmechora nini?"

Nikamjibu, "Maua."