Mlinzi Aliyesusa Katika Chumba cha Saba

Shangazi Nyoosha, nakuomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana nimemdanganya mjomba wangu na uongo wenyewe utaonyeshwa kwenye skrini mbele ya watu mia moja.

Mjomba hutengeneza vyerehani, lakini ujanani alitunga mchezo wa kompyuta, enzi zile kompyuta ya nyumbani inachomekwa kwenye televisheni na mchezo unapakiwa kutoka kwenye kaseti, waya ukiguswa tu unaanza upya, na mchezo wenyewe ni wa sisimizi anayeiba sukari ghalani huku akimkwepa mlinzi mwenye ufagio, basi watu wakaupenda, wakanakiliana kaseti mpaka mikanda ikachakaa, na hadi leo wapo watu wazima wenye vitambi wanaoutafuta mtandaoni kama waliopotelewa na ndugu.

Sasa mjomba alikosea tarakimu moja, na kwa kosa hilo mlinzi wa chumba cha saba hamfukuzi sisimizi, anageukia ukuta na kutembea palepale, kakupa mgongo, hasemi na mtu. Wachezaji wakamwita Kasusa, na ukifika kwake ilikuwa lazima useme "Shikamoo, Kasusa" ndipo upite. Mjomba hayajui haya. Anachojua ni kwamba siku aliyowaonyesha wenzake kazini walicheka mpaka wakashika mbavu, naye akaifungia kompyuta sandukuni na hakutunga mchezo mwingine tena.

Mimi huandika programu za simu, nikamwomba ruhusa niufufue, akakubali kwa sharti moja: "Nirekebishie yule mlinzi. Mengine fanya utakavyo."

Nikamrekebisha, Shangazi, haki ya Mungu nilimrekebisha, nikawapa wachezaji arobaini wa zamani waujaribu, wakaja juu, daktari mmoja wa meno akaniambia nimefufua mwili roho nimeiacha kaburini, na muuguzi mmoja akaniandikia kwamba yeye na kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, walikuwa wakimwamkia Kasusa kila wakitoka shule, na angependa kumwamkia mara moja tu tena, basi moyo ukanilainika nikamrudisha Kasusa kimyakimya. Mjomba akipiga simu jioni huuliza, "Mlinzi mzima?" nami hujibu, "Mzima, mjomba." Jumamosi tunauzindua kwenye ukumbi wa maktaba na yeye ndiye atakayecheza wa kwanza, shati ameshalipiga pasi. Kasusa akigeuka, ukumbi mzima utacheka kwa furaha, naye atasikia kicheko kilekile cha zamani. Nimefikiria kuweka kitufe cha kuchagua mlinzi, nimefikiria kuzima umeme akifika chumba cha sita, nimefikiria hata kuugua. Nifanye nini?

Mpwa Mwongo

*

Mpwa Mwongo, jina umejipa mwenyewe, mimi simo.

Pole kwanza, kisha nikukaripie. Una moyo mzuri na akili ya kuandika programu, lakini ulipotakiwa kumwambia mtu mzima neno moja la kweli ukaanza kutafuta swichi ya umeme. Mjomba wako alikupa sharti moja, si kumi. Umelivunja, halafu kila jioni unamwitikia "mzima" bila hata haya. Ungekuwa karibu ningekufinya. Na hicho kitufe kiache, hakitakuponya; kinachokuuma ni uongo, mlinzi hana neno.

Hao wachezaji nao wasikutishe. Kukipenda kitu miaka yote hiyo hakukifanyi kiwe chako. Nasema hivyo nami nikiwa mmoja wao: Kasusa nimemwamkia mara nyingi kuliko nilivyowaamkia baadhi ya wakwe zangu.

Sasa sikiliza. Kesho ukitoka kazini nenda kwenye karakana yake, vuta kiti, useme kabla hujatoa chochote mfukoni: "Mjomba, nilikudanganya. Mlinzi bado anatazama ukuta." Atanuna. Mwache anune, ana haki yake. Usijitetee, na usimsingizie daktari wa meno. Akishasema yake yote, ndipo umsomee barua ya muuguzi, neno kwa neno, polepole. Na kama muuguzi anapatikana, nenda naye aisome mwenyewe. Kisha mpe mjomba simu acheze hadi chumba cha saba, hapohapo kati ya vyerehani vyake, pasipo na ukumbi wa kumtazama.

Akicheza, muulize anamtaka mlinzi yupi. Akisema umrekebishe, mrekebishe mbele ya macho yake, na wachezaji watanung'unika wiki mbili kisha watazoea. Mimi pia nitazoea, shingo upande.

Lakini fikiria jambo hili unapokwenda. Mtu huyu ameishi nusu ya umri wake akiamini kwamba alichekwa tu. Sisi tulioupenda mchezo wake hatukumjua, na wewe unayemjua ukamnyamazia. Nenda kamwambie alipendwa.