Swali la Siri la Mama

Jumanne, Nchiru. Manyunyu tangu asubuhi, na tope la njia ya hosteli limeniharibia viatu vyote viwili. Lakini leo moyo wangu ni mwepesi kuliko Jumapili, ndiyo maana nimeketi kuandika.

Ninasomea usalama wa mtandao, mwaka wa pili. Wiki iliyopita mwalimu alitupa zoezi: chagua mtu wa nyumbani, muombe ruhusa, uone kama mtu baki anaweza kufungua akaunti yake. Nikamchagua mama, anayeuza ndengu sokoni Ishiara. Alicheka kwenye simu. "Ingia tu, maitu. Kwani huko kuna nini?"

Kuna sauti ya nyanya, mama yake.

Mama alimrekodi akiimba huku akipeta ndengu, muda mfupi kabla hajatuacha. Simu aliyomrekodia ilishakufa. Nyimbo zimebaki ndani ya akaunti ile tu.

Niliingia bila jasho. Nilijifanya nimesahau nywila, nikaulizwa swali la siri: mama yako anaitwa nani? Kwetu Mbeere binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Binti wa pili ni mimi. Nikaandika Ciarunji, jina langu mwenyewe, mlango ukafunguka. Jibu ambalo mama anadhani ni siri huitwa kwa sauti soko zima kila nikienda likizo. Ndiyo maana yeye mwenyewe huniita maitu, mama yangu.

Nyimbo niliziona, sikuzigusa. Ruhusa niliyopewa ilikuwa ya kuingia, si ya kuchukua.

Jumamosi nikampigia nikamwambia abadilishe jibu, aweke jina la uongo. Nilisema kwa ile sauti ya darasani, ya mtu anayejua. Mama akajibu: "Sasa niandike ati mama yangu ni nani? Nimkane, na kaburi lake naliona nikifungua mlango?" Akakata simu.

Jumapili hakupiga baada ya kanisa, na yeye hupiga kila Jumapili. Niliumia. Niliogopa pia, maana nyimbo zilikuwa bado pale, mlango wazi, na mimi ndiye niliyemfanya mama asitake hata kusikia habari ya kuufunga.

Jana nilijaribu tena, polepole. Nikamwambia asimkane nyanya. Aandike kitu cha kweli kumhusu, kitu ambacho hakuna mwingine anakijua.

"Hata wewe usijue?"

"Hata mimi, mum."

Leo mchana kapiga. Amebadilisha, peke yake, bila kumwita dada yangu. Nilisikia anatabasamu. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza ameandika nini.

"Si ulisema hata wewe?"

Kisha akanitumia wimbo mmoja, kwa hiari yake. Nimeusikiliza hapa dirishani, ungo ukisikika chini ya sauti, na nimelia kidogo. Nimezoea kujiona mimi ndiye nyanya amerudi. Kumbe yuko nyanya mwingine, wa mama peke yake, na jina langu halinifikishi kwake. Inauma kidogo, lakini nimefurahi mama ana kitu chake.

Kesho naandika ripoti ya zoezi. Nitasema nilirudi kujaribu mara ya pili, kwa kumuuliza mama mwenyewe jibu, na nikashindwa kuingia.