Kitabu cha Geti Nilichoambiwa Nikichome

Jumatatu, 10 Februari

Wote wanaisimulia vibaya. Kinyozi wa kona anasema mkurugenzi alishuka garini akanikumbatia. Uongo. Muuza mkaa anasema nilipewa bahasha. Bahasha gani, na kiatu changu nimekishona kwa waya? Na mdogo wangu, dada yangu wa tumbo moja, fundi cherehani, yeye anawaambia wateja wake nilipigiwa simu kutoka ofisini. Simu yangu mimi inashikwa na mpira wa suruali isimwagike matumbo.

Ilivyokuwa ni hivi, na aliyekuwepo ni mimi. Mwezi wa kumi na moja, asubuhi. Gari jeusi la mkurugenzi wa kiwanda chetu cha rangi likasimama getini, hapa ninapolinda. Kioo kikashuka. Alikuwa anakula karanga. Akanitazama, akasema: Mzee, nunua hisa za kiwanda kabla hesabu za mwaka hazijatoka. Kioo kikapanda. Basi. Hakuna kukumbatiana, hakuna chai.

Jioni nikasimulia kwa kinyozi. Wiki haijaisha, nusu ya mtaa iko kwa dalali wa hisa. Mdogo wangu alipeleka akiba ya miaka minane, pesa za cherehani cha pili. Hisa moja ilikuwa hamsini na mbili. Leo hamsini na tano. Nikipita barabarani naitwa Profesa. Mimi, niliyeijua shule kwa kumpelekea mwalimu maziwa!

Wananiuliza, na wewe Profesa unazo ngapi? Nacheka tu. Mambo ya mtu na mfuko wake.

Kuandika nilijifunza hapa hapa kibandani, kwenye kitabu cha geti. Namba ya lori, saa, mzigo, kutoka, kuingia. Miaka ishirini na sita. Na hiki ninachoandikia ndicho kitabu chenyewe, kilichojaa mwezi uliopita. Niliambiwa nikichome. Nitakichomaje? Amri ya kiwanda ni kuandika upande mmoja tu wa karatasi. Migongo yote iko safi. Karatasi nzito, nzuri. Miaka yote naandika ya malori. Sasa naandika yangu.

Jumanne, 11 Februari

Kwa nini kichomwe — hilo niliweke, nisije kulisahau.

Wiki iliyopita mhasibu mkuu alikuja kibandani kwa miguu yake. Tunamwita Pasi, maana suruali yake haijawahi kujikunja hata akikaa. Miaka yote hajawahi kuingia humu. Kiti kilimshangaa. Akaweka kitabu kipya mezani. Mzee wangu, anasema, hiki cha zamani kimemwagikiwa chai. Nakili chote humu. Mwandiko wako unawashinda makarani wangu.

Unawashinda kweli. Hilo sibishi.

Ila haya ya kuingia ya mwanzo wa Januari, anasema, yaruke. Yanawachanganya watu. Ukimaliza, cha zamani kipige kiberiti.

Haya ya kuingia ni malori kumi na moja. Yalitoka tarehe thelathini na thelathini na moja Desemba, yamejaa rangi. Tukasema mwaka huu wateja wamechachamaa. Wiki moja baadaye yakarudi. Yale yale kumi na moja, na yamejaa vile vile. Mimi sidanganyiki kwa lori. Lori tupu likipita tutani linaruka kama mbuzi; lililojaa linainama kwa adabu. Yote yaliinama. Na la tatu lilikuwa na kamba ya turubai niliyoifunga mwenyewe lilipotoka, fundo langu la mikunjo mitatu ambalo hakuna mwingine analijua. Lilirudi halijaguswa.

Nikadhani wateja wameikataa rangi. Mambo ya wakubwa. Nikaruka, nikanakili. Siku tatu, mkono ukafa ganzi. Kitabu kimetoka kizuri kama Korani ya msikitini.

Alhamisi, 13 Februari

Wakaguzi wa hesabu wamekuja. Kijana mmoja na binti mmoja, kompyuta mapajani, viatu havijaona vumbi. Wakafungua kitabu changu kipya. Kijana akasifu mwandiko. Binti akaniuliza: Mzee, kila kilichotoka na kuingia kimo humu?

Nikawapigia ile hadithi yangu ya lori lililoingia peke yake bila dereva, likasimama getini, likaniomba maji ya rejeta. Nilivyoigiza sauti ya lori, kijana alivua miwani akafuta machozi. Binti akacheka mpaka kalamu ikaanguka. Wakagonga muhuri, wakaenda.

Hata kungoja jibu walisahau. Kipaji bado ninacho, mimi!

Ijumaa, 14 Februari

Swali la yule binti lilinijia tena wakati nakunywa uji. Si kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Hesabu za kiwanda zimetoka. Ukurasa mzima wa gazeti, na picha ya mkurugenzi anacheka. Kinyozi akamwacha mteja na nusu ya kichwa, akasoma kwa sauti. Faida imepanda kwa robo nzima. Mauzo ya Desemba hayajapata kuonekana tangu kiwanda kijengwe.

Watu wakanipigia makofi. Profesa alisema!

Mimi nimesikia neno moja tu. Desemba.

Nikarudi kibandani, nikakifungua hiki kitabu upande wa mbele. Namba zote zipo, kutoka na kurudi. Yaani rangi iliyouzwa ni ile iliyolala ghalani sasa hivi, chini ya turubai zangu.

Bei jioni: hamsini na nane. Mdogo wangu amekuja anaimba. Anasema sasa anauza kibanda chake cha kushonea, pesa yote iingie kwenye hisa, mwakani anunue duka la kona. Kaka, umenifanya mtu. Nikamwambia subiri kidogo. Akasema wewe umesubiri kuoa mpaka leo, umepata nini?

Jumatatu, 10 Machi

Dereva wa Pasi alikuja kuomba moto wa sigara. Analalamika. Bosi anamchosha, wiki iliyopita kampeleka kwa dalali wa hisa mara tatu. Kununua? nikamuuliza. Akacheka. Kununua nini, mzee. Anauza. Zake, za mkewe, za mkwewe. Amesema mpaka mwisho wa mwezi asibaki na hata moja.

Sikumchekesha leo. Aliondoka ananitazama.

Mdogo wangu huwa ananiambia kule kwa dalali hisa za rangi hazikosekani. Ukitaka mia, zipo. Ukitaka elfu, zipo, kila asubuhi. Mimi nilidhani ni za msimu, kama dagaa. Kumbe kila anayonunua yeye kuna aliyeitoa. Wanasimama kwenye dirisha moja, huyu anajua kilicho chini ya turubai, huyu hajui. Ndiyo maana bei imekwama hamsini na nane kama punda aliyegoma — kinyozi na wenzake wanaisukuma juu, Pasi anaivuta chini, polepole, asiishtue.

Bei yenyewe haina macho. Inajua kilichoandikwa tu. Na kilichoandikwa nimekiandika mimi, kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 12 Machi

Nimemwambia. Nilikwenda kibandani kwake, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza moja moja. Malori, tuta, fundo la mikunjo mitatu.

Alikuwa anadarizi kola. Hakusimamisha hata mguu. "Na moja likakuomba maji," anasema.

Nikamwambia, mdogo wangu, hii ni kweli.

"Na ile ya chui aliyekupisha njia?"

Ile ni nyingine.

"Na ile ya kumpiga bondia ngumi moja?"

Ile ilikuwa kweli kidogo.

Akakata uzi kwa meno. Kaka, anasema, mkurugenzi mwenyewe alikwambia ununue. Wewe leo unamjua zaidi mkurugenzi kuliko mkurugenzi? Au umeona mimi nitakuwa na duka, wewe ubaki na geti?

Hilo la mwisho lilinichoma. Mama yetu alipokufa nilimbeba mgongoni huyu mpaka kwa shangazi.

Nikapita kwa kinyozi. Nimefika kwenye fundo, wote wamelala kwa kicheko. Profesa anataka tuuze azinunue yeye kwa bei ya chini! Mtu mmoja akanipa pesa ya soda kwa hadithi nzuri.

Nimeiweka mfukoni. Mpaka sasa iko mfukoni.

Alhamisi, 13 Machi

Nilifikiri niende kwa wale wakaguzi. Niseme nini? Kitabu kipya kina mkono wangu kila ukurasa.

Pasi naye kapita asubuhi. Hakushuka, alisimamisha gari tu. Nasikia una hadithi mpya za malori, mzee wangu. Nikasema hadithi haziishi kwangu. Akasema zibaki hadithi. Aliyeandika kitabu cha geti ni mmoja, na mwandiko wake unajulikana na kila mtu. Na ile taka uliichoma?

Nikasema niliichoma, ikawaka vizuri.

Kitabu kilikuwa chini ya makalio yangu. Nilikikalia mpaka saa sita bila kusogea, mkojo umenibana kama mtoto.

Jumamosi, 15 Machi

Bei ya jana jioni: hamsini na nne. Nilifurahi! Nikadhani sasa wataona. Mdogo wangu amefurahi kunizidi. Imekuwa rahisi, anasema, ndiyo nafasi. Karani wa dalali kamwambia hesabu zimesoma faida, bei inapumua tu, itapanda.

Mnunuzi wa kibanda anakuja Jumatatu saa nne na pesa taslimu. Akishapokea, anakwenda nazo kwa dalali moja kwa moja.

Usiku nililiota lile lori. Limesimama getini, halitaki maji.

Jumapili, 16 Machi

Njia ni moja. Nimwonyeshe kitabu. Hawezi kuamini mdomo wangu, lakini wino wa Januari ataamini. Tarehe zipo, saa zipo, sahihi za madereva zipo.

Nichane kurasa za malori tu nimpe. Nikazichambua. Mgongoni mwa tarehe thelathini kuna mkurugenzi na karanga zake. Mgongoni mwa thelathini na moja kuna Pasi anasema yaruke, na mimi naruka. Mgongoni mwa marudio kuna wakaguzi na kicheko. Nilianza kuandika hapo hapo, kwa uchoyo wa karatasi. Haichaniki moja ikaacha nyingine.

Nikimpa malori, nimempa na mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tatu na nusu. Amekuja getini mwenyewe, amevaa gauni la sherehe, na mkoba mtupu wa kwenda kubebea pesa. Anasema nimekuja uniombee heri. Nikamwambia usiuze. Akasema kaka, usiniharibie siku. Nikamwambia ninacho kitabu.

Kicheko kikamkatika. Kitabu gani?

Cha malori. Cha kweli.

Anasema, nipe nikione. Nikamwambia ngoja niandike neno moja. Sasa amesimama mlangoni, mkono ameunyosha, kiganja juu. Anaona kalamu inavyokwenda. Kaka, unaandika nini? Hiyo ni mara ya pili anauliza. Mara ya tatu.

Upesi, kabla sijapata akili ya kuligeuza hilo neno.

Kioo cha mkurugenzi kilishuka, hilo kweli. Mkono ulitoka, kweli. Akamwaga maganda ya karanga mbele ya viatu vyangu, kioo kikapanda. Hakunitazama. Jioni ile kinyozi aliniuliza mbele za watu: miaka ishirini na sita getini, huyo bosi anakujua hata kwa sura? Nikajibu. Yale maneno ya kununua hisa niliyatia mimi, pale pale, kitini kwa kinyozi, nusu ya ndevu imenyolewa. Ndiyo maana mwenyewe sikununua hata moja.

Malori ni kumi na moja. Hayo sikuyaongeza.

Saa nne kasoro tano. Mkono wake bado upo