Majani Uliyotukaririsha

Jordbro, Uswidi, 8 Oktoba 2022

Baba mpenzi,

Sijui nilimfanyia Mungu nini akanipenda hivi. Salamu kwanza: mgongo wako vipi? Sisi huku tunakula, tunalala, tunanenepa. Nyumba yetu mpya ina vyumba vinne. Madeleine ameshaweka mapazia kwenye chumba chako, na Alma anakijua Kiswidi mpaka ananikosoa mbele za watu. Kazini bosi hanywi kahawa kabla ya kuniuliza habari za dunia.

Sasa ni majira ya lile shairi lako la Kifaransa, la majani kuanguka, ulilotukaririsha darasa la tano kwa fimbo ya mpera. Shule niliiacha, shairi halikuniacha. Basi majani yenyewe nimeyaona: mekundu, ya manjano, kama vitenge vya Pasaka. Washairi walilia nini? Maktabani mama mmoja alitusomea mashairi manne ya majira haya, yote msiba mtupu, na watu wenyewe wameshiba. Nilicheka mpaka nikaombwa nitoke. Njoo uone mwenyewe. Mwaliko nautuma.

Mwanao,
Bonaventure

Uvira, 20 Novemba 2022

Mwanangu Bonaventure,

Amani iwe kwako, kwa Madeleine na kwa mjukuu wangu. Mgongo umenyamaza, sasa ni zamu ya macho. La kushoto limezima. La kulia daktari amesema lina muda, si mrefu.

Shairi lile nimelifundisha miaka thelathini na minane bila kuyaona majira yenyewe. Mwaka mmoja Glody, mtoto wa fundi cherehani, aliniuliza, “Mwalimu, jani likianguka mtu analia nini, si litaota lingine?” Nilimtoa nje, kwa sababu sikuwa na jibu. Ningependa kuyaona majani hayo kabla giza halijafika, nijue kama niliwadanganya watoto. Pasipoti ninayo. Nangoja mwaliko.

Baba yako

Uvira, 3 Juni 2023

Mwanangu,

Natumaini ukimya wa barua zako ni wa kazi, si wa ugonjwa. Dada yako Josiane ndiye anayeandika. Mimi nasema tu, maana mistari imeanza kunipotea. Kwenye simu unanichekesha vizuri, ila nikitaja mwaliko mtandao unakatika. Parokia wamenipa koti zito. Nitajie tarehe tu.

Baba yako

Jordbro, 22 Oktoba 2023

Baba,

Nakusalimu, wewe na macho yako. Josiane, msomee yote, usiruke mahali.

Jumapili nilimrudisha Alma kwa mama yake, Vällingby. Huwa napewa saa nne za kukaa naye. Njiani nilimsomea shairi lako kwa Kifaransa, kwa sauti yako ile ya darasani, akanijibu kwa Kiswidi kwamba watu wanatuangalia. Tukafika, akapanda juu.

Mbele ya jengo lao kuna miti. Kiangazi chote nilikuwa naondoka bila kuona kitu, kijani kimejaa. Safari hii majani yalikuwa chini. Niliona moja kwa moja hadi ghorofa ya tatu: taa ikawaka, Alma akavua koti, Madeleine akamwekea sahani, akasema neno, wakacheka wote wawili. Nikapunga mkono. Nilipunga kama mtu anayeaga meli, Baba, na basi langu likapita.

Kumbe watu hawalilii jani. Wanalilia kilichokuwa nyuma yake. Hukumdanganya mtoto yeyote. Ungekuwa na jibu hili siku ile, Glody asingetoka nje.

Madeleine aliondoka kabla sijakuandikia barua ile ya kwanza. Alisema amechoka kuolewa na redio. Mimi nalala kwenye kochi la Humphrey, Mkenya wa kazini, mtu mwema anayekoroma. Fomu ya mwaliko inauliza mgeni atalala wapi. Nimekaa nayo mwaka mzima, nafasi ile iko wazi hadi leo, na jicho lako halikuwa na mwaka wa kunisubiri. Hilo nalijua.

Nyumba ya vyumba vinne haipo. Haikuwahi kuwapo. Nilikudanganya.

Mwanao