Udongo Nilioandika "Mlimani"

Felista, leo nimeumbuka mwenzio!

Unakumbuka mwaka wa tisini na saba Mwalimu Ngolo alivyonituma nikachote udongo wa kufundishia kwenye nyasi za juu kabisa mlimani, kule kwenye baridi? Nikachoka njiani, nikachota wa jaruba la mpunga Usevya, nikaandika kwenye mfuko "mlimani".

Leo nimemkuta kwenye semina hapa Mpanda. Kazeeka. Kanyanyua udongo ule ule, bado kwenye mfuko wangu, mbele ya watu: "Huyu binti aliufuata juu mwenyewe, kwa miguu."

Wakanipigia makofi. Makofi, Felista!

Nikamfuata nje, nikamwambia ukweli.

Hakunigombeza. Akaniuliza taratibu, "Sasa wale wote niliowafundisha kwa udongo huu, nitawapata wapi?"