Sauti Iliyo Kwenye Simu ya Lusia

Anjelo, mzee wa masharubu ya kupaka rangi,

Tangu tukufukie kwenye theluji hii ya Scarborough, huku Kanada, bado nasubiri simu yako, unitukane. Hakuna anayenitukana siku hizi. Manyanga yangu nimeyafunika shati, nisiyaone.

Miaka hamsini ulisimama mbele na suti nyeupe, kutoka dansi za Wagoa kule Nairobi hadi harusi za hapa Malvern, ukiwaimbia wake za watu mapenzi ya Kispanyola, lugha ambayo hukuweza kuombea hata maji ya kunywa. Na walilia! Mimi nyuma natikisa manyanga, nacheka.

Halafu koo likakuishia. Ukaniambia, "Mjinga wewe, nyimbo zote unazijua. Kaa nyuma ya pazia." Miaka mitatu, Anjelo! Wewe unafungua mdomo na kushika kifua, mimi naimba huku nimebanwa na viti vya kukunja. Hakuna aliyejua.

Jana Lusia wako alikuja. Akaweka simu mezani. "Anko, msikilize Dadi. Silali bila hii." Ni wimbo wa harusi yake ya pili, ya mwaka juzi, enzi za pazia. Akasema, "Maisha yake yote hakuwahi kuimba vizuri hivi." Umesikia, jeuri wewe? Nilitaka kucheka. Nikalia kama mtoto.

Maana sauti yako haipo. Zile kanda zetu za Nairobi zililowa maji kwenye stoo yako ya chini, zikaoza. Imebaki kichwani mwangu tu, na kichwa chenyewe hiki, kinasahau hata kuzima jiko.

Lusia akaniomba niimbe kwenye misa ya kukuombea Jumapili, wimbo mmoja tu. Nikakataa. Akanijibu kwa Kiingereza chao kwamba basi sikuwahi kukupenda. Akaondoka, chai haijanywewa.

Acha anichukie. Nikiimba mbele yake mara moja tu atakuzika tena, na safari hii hatabaki na kitu.

Lala, tapeli wangu. Jumapili nitakaa kiti cha nyuma. Wakiimba wote nitafungua mdomo, nitashika kifua kama wewe, na sauti haitatoka. Hivyo hivyo, nakuahidi, mpaka wanilete hapo kando yako.

Mimi,
wa nyuma ya pazia